Kumi na Tisa Juu ya Ishirini

Goma, Majengo
Jumapili, tarehe 15 Machi

Kwa ndugu yangu Gauthier,

Nakusalimu kwanza wewe, kisha Olive, kisha Wenceslas mdogo ambaye sijamwona bado ila namjua kwa kilio chake kwenye simu. Mnaendeleaje huko Butembo? Baridi ya asubuhi haiwasumbui? Mama Charline, katika safari zake za kwenu na huku, aliniambia mtoto alikuwa na kikohozi kilichokataa kuondoka, na kwamba Olive alikesha naye siku tatu. Natumaini sasa amepona na anawapa usingizi. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa goti la kushoto, ambalo linajua mvua itanyesha kabla hata ya mawingu. Naelekea kuwa bibi kizee kabla ya kuwa mama wa mtu, lakini hilo tuliache.

Barua hii nimemkabidhi Mama Charline mkononi. Njia yake unaijua: avuke Bunagana, apande mabasi ya Uganda, arudi Kongo kwa kupitia Kasindi, ili tu afike mji ambao zamani tuliufikia bila kuvuka mpaka wa mtu. Usishangae kwa nini sikupiga simu. Nimepiga mara nne. Kila ulipoitika nilikuuliza bei ya maharage, ukanijibu, tukaagana kwa heshima kama watu wa ofisini. Neno nililo nalo haliingii katika simu, na ni lazima ulisome kabla hujafunga mzigo wa kuja.

Ujumbe wako ulinifikia. Mama Charline alikaa kwenye kiti cha muzee baba yetu, akanywa chai, akanieleza kwamba utakuja kumaliza matanga Jumamosi ile baada ya Pasaka, na kwamba utafanya kama papa mdogo Gentil alivyodai. Nilimwomba arudie maneno yako kama ulivyoyatoa. Akarudia: "Ambia Kasoki nimechoka. Nitasimama mbele ya foto ya muzee, nitasema njo mimi niliiba ile examen, nitaomba pardon, mambo iishe." Nilimwongezea chai huku kikombe chake kikiwa bado kimejaa, ikammwagikia kwenye kitenge, na yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Gauthier, usiyaseme maneno hayo, kwamba ndiwe uliyeiba mtihani. Ndiyo sababu naandika. Mengine yote katika barua hii ni njia tu ya kufika pale ninapotakiwa kufika, na wewe unanijua, mimi sijawahi kushika njia ya mkato isipokuwa mara moja.

Habari za nyumbani ni chache. Nyumba ni ileile ya mbao, juu ya mawe yaleyale meusi, na bati la upande wa jikoni bado linapiga kelele upepo ukitoka ziwani. Chumba chako nimekifanya darasa. Zamani nilikuwa na wanafunzi kumi na wanne, karibu wote wakitaka Kiingereza ili wapate kazi kwenye mashirika. Mashirika yamepungua mjini, na wanafunzi nao wamepungua. Wamebaki watatu. Mmoja wao ni Mama Dancille wa Kibati, mwenye miaka sitini na miwili, ambaye wajukuu wake wako Kanada na hawasikii lugha nyingine. Kila Jumanne anashuka kwa miguu na daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki. Anashika kitenzi, anasahau kineno kinachokifuata, kisha anacheka mpaka machozi, akisema kwamba kwa hao Wazungu hata kitenzi hakiwezi kwenda sokoni bila msindikizaji. Siku ya Mama Dancille ndiyo siku yangu ya kucheka.

Akishaenda, ninabaki mimi na redio. Majirani wa upande wa kulia waliondoka mwaka jana na hawajarudi. Wa kushoto wana mambo yao. Bado napika bugali ya watu wawili kwa mazoea, halafu kesho yake nakula kiporo na kujilaumu. Juzi nilijikuta naiambia sufuria kwa Kiingereza kwamba nimechoka kuingoja ichemke, na nikairekebisha sentensi yangu kabla ya kuendelea. Nakwambia ili ucheke, lakini pia nakwambia kwa sababu ni kweli. Nina upweke, ndugu yangu. Nimeogopa kuliandika neno hili, maana anayelia upweke huulizwa ni nani aliyemfukuza mwenzake.

Niruhusu nizungumze habari za muzee, kwa kuwa hukuwepo na hukupewa nafasi ya kuwepo. Miezi yake ya mwisho macho yalikuwa yamekwisha. Kitu alichoniomba kila siku baada ya chakula cha mchana ni lile daftari lake la vitenzi. Unalikumbuka: miaka thelathini na mmoja ya kazi, kurasa zimeshonwa kwa uzi wa viatu, kila kitenzi cha Kiingereza na vineno vyake vimepangwa kama familia. Alitufundisha tangu tukiwa wadogo kwamba kitenzi cha lugha hiyo ni mtu wa ndoa. *Look* peke yake anatazama tu. Mwozeshe *for*, anatafuta. Mwozeshe *after*, analea watoto. Na tendo lingine likitaka kufuata nyuma ya kineno, lazima livae mkia wa *-ing*, hata kama ni tendo la mfalme.

Mifano yake aliichota humu humu nyumbani. Mama amechoka kuwapikia wageni. Kasoki anaogopa kuvuka barabara. Na ule wako aliouandika ubaoni mbele ya darasa zima, *Gauthier insists on sleeping*, yaani Gauthier anang'ang'ania kulala, wenzako wakacheka wiki nzima. Hakujua kwamba alikuumiza. Alidhani anakutia utani wa baba. Lakini ni sentensi ile iliyokufanya unijie jikoni, miaka kumi na mmoja iliyopita, na kuniambia kwamba unataka kukijua Kiingereza kuliko mtu yeyote katika darasa lako la sita la sekondari, na kwamba muzee asijue mpaka siku ya mtihani, ili ashangae.

Najua hadithi hii unaijua kuliko mimi. Niache niiseme, kwa sababu mimi sijawahi kuisema.

Miezi mitatu tulishuka Kituku, ziwani, kila alasiri kuchota maji, wewe na bidon mbili, mimi na moja. Kushuka tulipiga porojo. Kupanda ndiyo ilikuwa shule. Nilitoa kitenzi, ukarudisha kineno, hatua moja. Nikatoa kingine, hatua nyingine. Ukikosa, tunasimama na mzigo hadi ukipate. Wanawake wa samaki walituona wendawazimu. Mmoja aliniuliza kama nakuombea mapepo yatoke. Mwezi wa kwanza tulisimama sana, mpaka mabega yangu yakapata malengelenge. Mwezi wa tatu tulikuwa tunafika nyumbani bila kusimama hata mara moja. Ulikuwa unanitangulia kule juu, unanigeukia, unadai kitenzi kingine. Sijawahi kumfundisha mtu kama wewe tangu siku hizo, na nimefundisha wengi. Uliniapisha kwa jina la mama marehemu kwamba sitamwambia muzee, nami nikaapa, kwa kuwa nami nilitaka kuona uso wake.

Kisha ukaja mtihani, ukapata kumi na tisa juu ya ishirini, wewe ambaye hukuwahi kuvuka tisa. Na siku iliyofuata ikaokotwa chini ya dawati la nyuma karatasi yenye maswali yote na majibu yake, kwa herufi kubwa. Shule ikauliza ni nani aliyepanda ghafla namna hiyo, na ni nani analala nyumba moja na droo ya mwalimu. Jibu la maswali yote mawili lilikuwa wewe.

Muzee angeweza kuomba muda. Hakuomba. Aliogopa watu wasije wakasema kwamba mwalimu Wenceslas anaadhibu watoto wa wenzake na kumficha wa kwake. Ndivyo alivyokuwa, na kwa jambo hilo nilimchukia na kumheshimu kwa pamoja. Alisimama mbele ya baraza la nidhamu akakuuliza kitenzi kimoja, kimoja tu, ili uoneshe kama unajua. Ulimtazama ukafunga mdomo. Wao waliona mwizi asiye na jibu. Mimi niliona mtoto ambaye baba yake amemwita mwizi mbele za watu, na ambaye hataimba sasa ili asamehewe. Kisha mkuu wa shule akanigeukia mimi, niliyeitwa kwa sababu ndiye niliyekuwa mshika funguo za nyumba, akaniuliza kama nina la kusema. Nawe ukanitazama. Uliniachia kiapo kwa macho, Gauthier, niliona, ulikuwa unaniambia: sema sasa. Niliangalia sakafu, nikasema sina.

Ulifukuzwa wiki kumi kabla ya mtihani wa taifa. Ukaondoka na lori la mbao kwenda Butembo, na nyumba ikabaki na watu wawili. Mama Charline ananiambia kwamba hata leo ukienda Kampala kununua mabati unamchukua mtu wa kukusemea Kiingereza, na unakaa kimya kando yake, wakati yeye anakosea na wewe unasikia anavyokosea. Alinieleza kama kichekesho. Sikuweza kucheka.

Turudi kwa muzee. Kazi yetu ya mchana ilikuwa hivi: mimi nasoma kitenzi, yeye anajibu kineno, huku amefumba macho. Hakukosa kamwe. Lakini kuna ukurasa mmoja niliokuwa nauruka. Umo katikati, na amevikusanya humo vitenzi vya kosa: kushuku, kushtaki, kulaumu, kukiri, kuomba radhi, kusamehe. Vyote vinaburuta kineno nyuma yao, na nyuma ya kineno tendo lenye mkia. Niliuruka wiki mbili nikidhani mzee kipofu hajui kurasa zake. Siku moja akaniambia kwa upole kwamba leo tusome ule ninaouogopa.

Nikasoma. Akajibu kimoja, cha pili, cha tatu. Nilipofika kwenye kushtaki, alijibu kineno chake sawasawa. Halafu akazitaja zile kumi na tisa zako: "Ule mutoto alipata dix-neuf. Kama njo alisoma ya kweli, ningekufa na furaha."

Alikuwa amegeuza uso upande wangu. Sijui kama alikuwa anauliza. Nafikiri alikuwa anauliza. Chumbani tulikuwa wawili tu, hakuna baraza wala mkuu wa shule. Mimi nikafungua ukurasa mwingine, nikasoma kitenzi kilichofuata, naye akajibu. Siku kumi na moja baadaye alifariki. Kwenye matanga watu walinishika mikono wakaniita mtoto mwema aliyemtunza baba yake, na kila aliyesema hivyo nilitamani anipige kofi.

Sasa nimefika. Mtihani ule niliuiba mimi.

Unamkumbuka Julien, aliyekuwa amerudia darasa la sita mara mbili, aliyekuwa anakuja kuazima vitabu. Hakuwa anaazima vitabu. Aliniambia kwamba akishindwa tena baba yake atampeleka machimboni, na kwamba akishinda atawaleta wazee wake waje kuniposa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilimpenda kwa ujinga wangu wote. Asubuhi moja muzee alipokuwa kwenye misa, nilichukua ufunguo ndani ya kopo la chaki, nikafungua droo, nikanakili maswali na majibu kwa herufi kubwa ili mwandiko wangu usijulikane. Nilimpa Julien, naye ndiye aliyeiangusha karatasi chini ya dawati. Alijiandikia makosa kwa hesabu, akapata kumi na tatu, maana akili ya wizi alikuwa nayo kuliko ya masomo. Akapata diploma, akaenda Bukavu, akaoa huko. Sikupata kwake hata mstari mmoja. Husemwa kikulacho ki nguoni mwako. Kilichokula wewe kilikuwa kinapanda na wewe kutoka Kituku kila alasiri, na bidon kichwani.

Kwa hiyo usifikiri nilinyamaza kwa ajili ya kiapo. Hilo nimejidanganya nalo miaka mingi, kwamba uliniapisha na mimi ni mtu wa kushika neno. Kiapo kilikuwa blanketi tu, na chini yake alilala mwizi. Na kuna jambo lingine usilolijua. Ile alama moja uliyoikosa niliisababisha mimi. Kitenzi hicho nilikufundisha vibaya, nikakiongezea kineno kisichokihitaji, kama tunavyopenda sisi tuliolelewa na Kifaransa, nawe ukaandika kosa langu kama nilivyokupa. Kwenye karatasi iliyoibwa jibu lilikuwa sahihi. Mwizi angepata ishirini. Niliona hilo siku ileile karatasi zilipowekwa mezani, na nikanyamaza.

Wiki iliyopita nilikwenda Ndosho kwa papa mdogo Gentil, nikamweleza yote haya, nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho. Nilitazamia anifukuze. Badala yake akaniambia: "Kasoki, wewe njo ulichunga muzee. Gauthier amekwisha kubali. Ukisema sasa, watu watacheka nyumba yetu mara mbili. Acha aombe pardon, tunawe mikono, biishe."

Nakuambia ukweli, nilirudi nyumbani na furaha. Kutoka Ndosho hadi Majengo nilitembea mtu mwepesi, mkubwa wa ukoo amenifungia mdomo kwa ruhusa. Nilikaa mlangoni, nikaanza hata kupanga nitakupikia nini. Samaki wa sambaza, sombe, ndizi. Kisha nikaliona kwa mawazo lile beseni la maji ya kunawa mikono katikati ya uwanja, na ndugu wote wamelizunguka, na wewe umesimama mbele ya picha unajiita mwizi, na Wenceslas mdogo yuko mgongoni kwa Olive. Leo hasikii chochote. Lakini binamu zake watakuwepo, na watamkumbushia akiwa na miaka kumi. Na baada ya hapo wewe ungekula sambaza zangu na kunishukuru. Nikainuka nikatafuta kalamu.

Kwetu unajua, siku ya kumaliza matanga, wa kwanza kusema ni mtoto aliyemlaza marehemu. Huyo ni mimi, na papa mdogo hawezi kulibadilisha. Nitasema kabla beseni halijaletwa. Nitamtaja Julien, nitalitaja kopo la chaki, nitasema kuhusu Kituku, na nitasema aliyoniambia muzee kitandani na jinsi nilivyofungua ukurasa mwingine. Wakitaka kuniondoa katika nyumba, nitaondoka. Ni nyumba yako kwa haki kuliko yangu.

Inawezekana ukifika hapa ukaamua kutokuja. Nitakuelewa, na nitayasema yaleyale mbele ya wazee bila wewe. Nitaogopa zaidi usipokuja, lakini hofu hiyo ni yangu, usiibebe. Ukija, ingia kama mtu anayeingia kwao, bila kuinamisha kichwa. Msamaha sikuombi katika barua hii. Miaka kumi na mmoja haiwezi kuombewa kwa karatasi, na ningekuwa nakulazimisha kunijibu. Nakuomba jambo moja tu: wewe usiombe msamaha.

Mpe Olive salamu zangu na umwambie asome barua hii akitaka, asinihurumie. Wasalimie majirani wa mama waliobaki, na Mama Charline umpe chai ya moto, njia ni ndefu na hajui alichobeba. Mungu awalinde mpakani mkisafiri, na mkikaa pia awalinde.

Na Wenceslas mdogo akikua, akikuuliza kama baba yake aliwahi kusoma, mwambie ulipata kumi na tisa juu ya ishirini. Ulisoma, Gauthier. Nilikuwepo.

Mimi dada yako,
Kasoki